Madoa sugu katika tangi la samaki: Itambue aina ya doa kabla ya kusugua

KWA mkazi wa Siakago na vijiji vinavyouzunguka mji huo wa Mbeere Kaskazini, Kaunti ya Embu, doa jeupe si jambo geni. Huonekana ndani ya birika la chai, kwenye sufuria ya kuchemshia maji, mdomoni mwa mfereji na ukingoni mwa ndoo.

Doa hilo hilo ndilo humsumbua mtu aliyeweka tangi la kioo la samaki sebuleni, hotelini, ofisini au kwenye duka la kinyozi. Baada ya miezi michache, mstari mweupe hujitokeza pale maji yanapoishia. Chini yake hufuata utando wa kijani au wa kahawia, na tangi lililonunuliwa kwa fedha nyingi hufifia kama dirisha la jikoni lililokula moshi.

Hapo ndipo makosa huanza. Mwenye tangi hushika sabuni, jivu, mchanga au waya wa kusugulia sufuria. Humwaga maji yote, husugua hadi kioo king'are, hujaza maji mapya na kuwarudisha samaki. Siku chache baadaye samaki huelea wakiwa wamekufa, naye huyalaumu maji ya kisima.

Ukweli ni kwamba doa jeupe haliui samaki. Kinachowaua mara nyingi ni namna linavyoondolewa.

Doa jeupe hutoka wapi

Siakago, iliyokuwa makao makuu ya Wilaya ya Mbeere baada ya wilaya hiyo kukatwa kutoka Embu mwaka wa 1996, iko katika nyanda kavu za chini. Mito inayoteremka moja kwa moja kutoka Mlima Kenya hubeba madini machache. Maji ya visima vya nyanda za chini, kwa upande mwingine, hukaa muda mrefu katikati ya miamba, na humo huyeyusha kalisi na magnesi.

Maji ya namna hiyo huitwa maji magumu. Dalili yake inajulikana na kila mfua nguo: sabuni hukataa kutoa povu.

Maji magumu yakiwa ndani ya tangi, joto huyageuza mvuke. Mvuke huondoka peke yake na madini hubaki. Wakati huo huo gesi ya kaboni iliyomo majini hutoroka, na kalisi iliyokuwa imeyeyuka huganda kuwa chokaa juu ya kioo. Kwa sababu mvuke hutoka juu, chokaa hukusanyika zaidi kwenye mstari wa maji, kwenye kifuniko na pale matone ya pampu yanaporukia.

Kosa linaloongeza tatizo ni kujaziliza tu. Mwenye tangi huona maji yamepungua vidole viwili, akaongeza maji ya kisima bila kutoa ya zamani. Kila anapofanya hivyo huongeza madini mapya juu ya yale yaliyobaki. Baada ya muda maji ya tangi huwa magumu kuliko ya kisima chenyewe.

Aina nne za madoa

Kabla ya kugusa kioo, ni muhimu kujua kilichokishika. Madoa ya tangi ni ya aina nne, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni chokaa. Ni jeupe au la kijivu, gumu, na likiguswa kwa kidole huwa na ukwaruzi. Tone la siki likidondoshwa juu yake hutoa vipovu vidogo.

La pili ni mwani, yaani viumbe vidogo vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea. Mwani wa kijani hutokea kama vumbi laini au kama vitone vigumu vilivyong'ang'ania kioo. Utando wa kahawia, ambao hutoka kwa urahisi kwa kidole, hupatikana sana katika tangi jipya. Upo pia utando wa kijani kibichi chenye samawati, wenye utelezi na harufu mbaya. Huo si mwani halisi bali ni bakteria.

La tatu ni mchanganyiko wa hayo mawili. Mwani huota juu ya chokaa, nayo chokaa huganda juu ya mwani. Doa hili ndilo huitwa sugu, kwa sababu anayelitibu kwa dawa moja huondoa tabaka moja tu na kukuta jingine chini yake.

La nne si doa bali ni jeraha la kioo. Linaweza kuwa mkwaruzo, au ukungu uliotokana na kioo chenyewe kuliwa polepole na maji yaliyokaa humo kwa miaka mingi. Ukucha ukipitishwa juu ya mkwaruzo hukwama. Ukungu nao hupotea kioo kikilowa na kurudi kikikauka, hata baada ya kupakwa siki mara tatu. Jeraha hili haliondoki kwa kusugua.

Kwa nini mchanga ni adui

Wataalamu wa madini hupima ugumu wa mawe kwa kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10. Chokaa iliyoganda huwa karibu na 3. Kioo cha kawaida huwa kati ya 5 na 6. Chembe za mchanga wa mto, ambazo nyingi ni za kwazi, hufikia 7.

Tarakimu hizo zinaeleza mengi. Chokaa haiwezi kukwaruza kioo, na wembe ukitumiwa vyema huweza kuikwangua. Mchanga, ambao vizazi vingi vimeutumia kung'arishia sufuria, huchora kioo papo hapo. Chembe moja iliyonaswa ndani ya sponji inatosha kuacha alama ya kudumu.

Kwa hiyo, anayesafisha tangi lenye mchanga chini asifikishe sponji hadi sakafuni mwake. Aachie nafasi ya vidole viwili, na aisuuze sponji mara kwa mara.

Vifaa vinavyohitajika

Kazi hii haihitaji dawa za bei ghali. Vinavyohitajika ni siki nyeupe ya kawaida, ambayo huwa na asidi ya takriban asilimia 5, vitambaa safi vya pamba, sponji mpya, wembe mpya wenye mshikio, mpira wa kufyonzea maji na ndoo mbili. Pasipo siki, maji ya limau au ndimu hufaa.

Ndoo, sponji na vitambaa hivyo viwe vya tangi pekee. Ndoo iliyofuliwa nguo jana bado ina sabuni, hata kama haionekani.

Ikiwa tangi ni la plastiki ngumu na si la kioo, wembe usitumike kabisa, kwani plastiki huchubuka upesi.

Kuondoa chokaa samaki wakiwa ndani

Si lazima samaki watolewe. Kuwakamata kwa wavu huwatia hofu na kuwajeruhi magamba, na mara nyingi doa liko juu ya maji tu.

Kwanza, zima umeme na uchomoe pampu na kifaa cha kupashia maji joto. Kifaa hicho kikiachwa kikiwaka nje ya maji huweza kupasuka. Subiri dakika 15 kipoe.

Pili, fyonza maji hadi yashuke vidole vinne chini ya doa. Yasizidi robo ya maji yote.

Tatu, lowesha kitambaa kwa siki, kikamue kisidondoshe, kisha kibandike juu ya doa. Funika kwa karatasi ya plastiki ili siki isikauke. Acha kwa dakika 20 hadi 30.

Nne, ondoa kitambaa na usugue kwa sponji. Chokaa iliyolainika hutoka kama uji. Iliyobaki ikwangue kwa wembe uliolazwa karibu na kioo, ukiusukuma upande mmoja tu. Kioo kiwe kimelowa wakati wote.

Tano, futa mahali hapo kwa kitambaa chenye maji safi mara mbili au tatu. Rudia kazi yote ikiwa doa ni nene. Chokaa ya miaka miwili haiondoki kwa nusu saa.

Wembe usikaribie pembe za tangi. Hapo ndipo ilipo gundi ya silikoni inayoshikanisha vioo, na mkato mdogo tu huweza kuvujisha tangi zima.

Matone machache ya siki yakiingia majini hayaleti madhara makubwa, hasa katika maji magumu, ambayo huipunguza asidi nguvu. Kikombe kizima kikimwagika katika tangi dogo, hata hivyo, hali ya maji hubadilika ghafla, na ghafla hiyo ndiyo samaki hawaivumilii.

Tangi likiwa tupu

Tangi lililokaa stoo au lililonunuliwa kwa mkono wa pili linaweza kusafishwa kwa kina. Lilaze ubavu, upande wenye doa ukiwa chini, ili kitambaa chenye siki kilale juu ya kioo bila kuteleza. Liache hivyo kwa saa kadhaa, kisha ligeuze upande wa pili.

Lisibebwe likiwa na maji. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30 hubeba lita 54, na kila lita ina uzito wa kilo moja. Kilo hizo 54 zikiyumba mikononi mwa mtu mmoja, kioo hupasuka na mbebaji huumia.

Wala maji ya moto yasimwagwe ndani ya kioo baridi. Upande uliopata joto hutanuka kabla ya mwingine, na ufa hutokea.

Mwani na utando wa kijani

Siki haiutibu mwani vizuri. Utando laini hutoka kwa sponji pekee. Vitone vigumu vya kijani huhitaji wembe. Kazi hii ifanyike kabla ya kufyonza maji, ili uchafu unaodondoka ukusanywe na kutolewa pamoja na maji ya zamani.

Pale mwani umeota juu ya chokaa, anza na wembe ili kuondoa tabaka la juu, kisha fuata na siki. Ukianza na siki, mwani huizuia isiifikie chokaa.

Kwa tangi tupu lililooza kwa mwani au lililowahi kuwa na samaki wagonjwa, jiki huweza kutumika: kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo 19 vya maji, kwa dakika 15. Baada ya hapo tangi lisuuzwe mara nyingi na kuanikwa hadi likauke kabisa na harufu ya klorini iishe.

Hatari ya kuchanganya dawa

Onyo hili lahusu maisha ya binadamu, si ya samaki pekee. Jiki na siki zisikutane kamwe, iwe ndani ya tangi, ndoo au hata kwenye kitambaa kimoja. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho, koo na mapafu. Katika chumba kilichofungwa madirisha, gesi hiyo yaweza kuua.

Anayetaka kutumia zote mbili amalize na moja, asuuze kwa maji mengi, na asubiri hadi siku nyingine ndipo atumie ya pili. Kazi ifanyike nje ya nyumba.

Asidi kali inayouzwa kwa kusafishia vyoo nayo isitumike. Ni kweli huyeyusha chokaa kwa dakika moja, lakini mvuke wake huunguza mapafu na tone lake huunguza ngozi.

Wapo wanaochanganya siki na unga wa soda wa kuokea keki wakiamini kwamba povu linalotokea ndilo husafisha. Povu hilo ni ishara kwamba vitu hivyo viwili vinauana nguvu. Kinachobaki ni maji ya chumvi yasiyoweza kuyeyusha chokaa. Magadi, ambayo hulainisha maharagwe jikoni, hayana kazi hapa. Hayayeyushi chokaa, na yakiingia ndani ya tangi huongeza ukali wa maji hadi kuwadhuru samaki.

Sabuni ya aina yoyote isitumike. Masalia yake huharibu mashavu ambayo samaki hupumulia.

Usafi uliopita kiasi

Samaki anapopumua na kwenda haja hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake mwenyewe. Kinachomwokoa ni bakteria wanaoishi ndani ya chujio, kwenye mchanga na kwenye mawe. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo.

Bakteria hao huchukua wiki kadhaa, mara nyingi nne hadi sita, kuongezeka hadi kiwango kinachotosha. Mtu anayemwaga maji yote, akachemsha mawe, akaosha chujio kwa maji ya mfereji yenye klorini na kusugua kila pembe kwa siku moja, huwaangamiza. Tangi hung'aa, lakini amonia hupanda bila kizuizi. Hiyo ndiyo sababu ya samaki kufa siku chache baada ya usafi mkubwa.

Kanuni ni moja: kioo na chujio visisafishwe siku moja. Chujio lisuuzwe ndani ya ndoo yenye maji yaliyofyonzwa kutoka kwenye tangi lenyewe, si chini ya mfereji. Mawe na mchanga viachwe mahali pake.

Maji mapya ya mfereji yaachwe wazi kwenye ndoo kwa siku nzima ili klorini itoke, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini inayouzwa na wauzaji wa samaki wa mapambo. Yakaribiane kwa joto na yale ya ndani.

Maji ni mali

Mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20 na kubebwa na punda, kumwaga lita 54 ili kuondoa mstari mmoja wa chokaa ni hasara. Njia iliyoelezwa hapo juu hutumia robo tu, ambayo ni kama lita 13.

Isitoshe, maji hayo hayapotei. Maji ya tangi yana nitrati, ambayo ni mbolea. Yakimwagiwa sukuma, mchicha au miche ya miembe, huwa na faida kuliko maji ya kawaida. Maji yaliyosuuziwa siki au jiki yatengwe, yasimwagiwe mimea.

Namna ya kuzuia madoa

Mwenye tangi abadilishe robo ya maji kila wiki moja au mbili, badala ya kujaziliza tu. Kila apitapo, afute mstari wa maji kwa kitambaa kilicholowa. Chokaa ya wiki moja hutoka kwa kufutwa, ilhali ya mwaka mmoja huhitaji siku nzima.

Kifuniko kizuri hupunguza mvuke, na kwa hiyo hupunguza chokaa.

Maji ya mvua hayana madini. Yakichanganywa nusu kwa nusu na ya kisima wakati wa mvua za Machi hadi Mei au Oktoba hadi Desemba, hupunguza ugumu. Mvua ya kwanza iachwe ipite, kwani huosha vumbi na kinyesi cha ndege kutoka paani, na mabati huacha zinki ambayo ni sumu kwa samaki. Mabadiliko yafanywe kidogo kidogo, kwa majuma kadhaa.

Mwani hulelewa na mwanga na chakula. Siakago iko kusini kidogo tu mwa Ikweta, na jua lake ni kali mwaka mzima. Tangi liwekwe mbali na dirisha, na taa yake isizidi saa nane kwa siku. Samaki walishwe kiasi wanachokimaliza kwa dakika mbili au tatu, kwani kinachobaki huoza na kuulisha mwani.

Hatimaye, anayeishi na maji magumu aweza kuchagua samaki wanaoyapenda. Samaki wa mapambo kutoka Ziwa Malawi na Ziwa Tanganyika wamezoea maji yenye madini mengi. Mfugaji wa aina hizo hana haja ya kupigana na maji ya kisima chake. Vita vyake ni vya kioo tu.

Lini tuseme basi

Ikiwa siki imetumika mara tatu, wembe umepita kwa uangalifu, na bado ukungu unarudi kioo kinapokauka, basi kioo kimeliwa. Kuendelea kusugua ni kuongeza mikwaruzo.

Faraja ni kwamba maji huificha mikwaruzo midogo na ukungu wa namna hiyo. Tangi likijazwa hadi juu ya alama, nyingi hazionekani tena. Upande ulioharibika waweza kugeuzwa ukutani.

Samaki hajali kama kioo kina mstari mweupe. Anachohitaji ni maji tulivu yasiyobadilishwa ghafla na yasiyo na sabuni. Mwenye tangi akilikumbuka hilo kabla ya kushika wembe, kioo kitang'aa na samaki watabaki hai.